Hii Isirudi Tena

Anaeli, rafiki yangu,

Tangu tulipokuzika sijakuandikia. Leo nina jambo, nalo linamhusu binti yako Aneth. Nisome mpaka mwisho, hata kama utakasirika katikati.

Nimenunua pikipiki. Usicheke. Ni ya aina ile ya njia mbovu, yenye matairi ya meno na injini inayopozwa kwa maji, mpya kabisa. Lile darasa la watu wazima ulilonishawishi kulianzisha huko juu kwa wafugaji halifikiki kwa gari, na magoti yangu hayataki tena mlima. Kwa kuwa ilikuwa mpya, niliishonea kifuniko cha turubai, nikakifunga mbele ya rejeta, kile kinachopoza maji ya injini, ili mawe na vumbi visiiguse. Nyumbani makochi tunayafunika kwa vitambaa. Sikuona kwa nini pikipiki iachwe uchi.

Wiki ya pili, nilipofika mlimani, taa nyekundu iliwaka na mvuke ukatoka. Niliipeleka kwa Aneth, kwenye gereji yako pale Ngaramtoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Kumbe inachemsha?"

Nilimwambia kwamba injini haichemshi, inachemka, na kwamba nilimfundisha hayo mwenyewe darasa la tano. Alicheka. "Haya, imechemka. Niachie mpaka kesho."

Mashaka yangu yalianzia hapo. Wewe ulikuwa ukigusa injini kwa mgongo wa mkono, ukiinamisha kichwa, na kumaliza kazi mteja akiwa bado anapuliza chai. Siku ile tulipokwama njia ya Momela, uliitengeneza ile pikipiki yako kuukuu huku ukinisimulia habari za harusi. Sasa kesho ya nini, kwa kitu kipya?

Kesho yake sikumkuta; alikuwa amekwenda mjini kununua vipuri. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kivulini. Kifuniko changu kilikuwa kimekunjwa chini ya kiti, na kwenye usukani kulikuwa na karatasi: "Mwalimu, hii isirudi tena."

Niliisoma mara nne. Wewe ulikuwa ukiniita Kamusi, basi sikia Kamusi alivyofanya. Kama angekuwa anasema juu ya kifuniko, angeandika "hiki kisirudi". Ameandika "hii", na kilichokuwa mbele yangu ni pikipiki. Kwa hiyo binti yako ananikataza kuirudisha pikipiki kwake. Fundi humkataaje mteja, kama hana anachokificha? Niliinama nikaona skrubu za rejeta zina mikwaruzo mipya. Nikahitimisha: ameng'oa rejeta yangu mpya, ameweka kuukuu.

Nilikirudisha kifuniko mahali pake, nikaondoka. Pikipiki haikufika hata mwisho wa mashamba ya mahindi kabla ya kuchemka tena. Kwangu huo ulikuwa ushahidi.

Anaeli, siku ya soko nilisimama kati ya watu wenye pikipiki nikasema, "Mkitoka kwa binti wa Anaeli, hesabuni vipuri vyenu." Nilisema kwa sauti ya darasani. Unaijua.

Kisha nikaenda kwa fundi mwingine huko Kisongo, mtu asiyenijua. Hakushika hata spana. "Mzee wangu, rejeta umeivalisha sweta! Itapumulia wapi?" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaweka chini kikombe chake. Alikata kamba kwa kisu, akanionyesha namba zilizomo kwenye kitabu cha pikipiki na zile za kwenye rejeta. Ni ile ile. Mikwaruzo ilikuwa ya mtu aliyeifungua ili asafishe matope yaliyoganda nyuma yake, kazi ya siku nzima ikifanywa vizuri. Halafu akaniuliza, "Aliyesafisha lazima aliivua. Nani alikwambia uirudishe hii kava?"

Hii kava. Hii isirudi tena. Niliketi juu ya tairi. Mafundi wote wa Arusha husema kava. Ni mimi tu niliyekuwa na kifuniko.

Tangu siku ile nimepita Ngaramtoni mara mbili, na sikuona pikipiki hata moja uani kwa Aneth. Yeye alikuwa akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Alinisalimu kama kawaida, na sikujua kama amesikia au ameamua kunistahi. Mpaka sasa nalichunguza neno lile "shikamoo", natafuta kilichofichwa ndani yake. Ona jinsi nilivyo.

Hospitalini uliniambia, "Kazi anaijua. Anachokosa ni watu wa kumwamini." Nikakushika mkono, nikaitikia. Nilikuwa wa kwanza kukosa imani naye, na nikawaambukiza wengine.

Jana nilipanda mpaka darasani bila taa kuwaka. Wanafunzi walishangilia. Mimi sikuweza.

Nakuahidi hivi: siku ya soko ijayo nitasimama pale pale, kwa sauti ile ile, niseme kwamba mwongo nilikuwa mimi na fundi ni yeye. Kisha nitampelekea pikipiki aikague, ingawa haina ubaya. Akinifukuza, nitaiegesha mlangoni pake nisimame kando yake mpaka jioni, ili kila apitaye aone ni ya nani na iko kwa nani.

Lala salama, Anaeli. Usinitetee kwake. Niache niende mwenyewe.

Mwalimu wako