Mwezi wa Mwisho Jikoni kwa Vinubhai

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mzee Vinubhai kaniambia leo saa mbili asubuhi, mimi nikikoroga bajia. Hakukaa, hakuniita pembeni. Alikuwa anafuta glasi. "Severina, mwisho wa mwezi tunafunga hoteli." Nikasema sawa. Akaendelea kuifuta glasi ile ile.

Ronak, mtoto wa Mzee na Mama Ronak, anawachukua wazazi wake kwenda Dar. Mzee ana miaka sabini na sita, magoti yamegoma. Jengo limeshapata mtu – duka la simu. Iringa hii itakuwa na maduka ya simu mengi kuliko simu zenyewe.

Nimepika hapa miaka ishirini na sita. Nilipoanza, Goodness wangu alikuwa mgongoni. Sijalia. Bajia zilitoka vizuri tu.

Jumanne, 6 Agosti 2024

Habari imefika mjini. Wateja wana msiba! Wakili Masumbuko, yule wa meza ya dirishani, nasikia kala viazi vyake huku anatikisa kichwa – eti sasa yeye atakula wapi? Mwalimu mmoja kasema mji umekufa. Mwaka jana walisema hivyo hivyo, mgahawa wa supu wa Ombeni ulipofungwa pakawa mahali pa kubeti. Mji haukufa. Walihamia kwetu.

Hakuna aliyeuliza mpishi anakwenda wapi. Mpishi yuko nyuma ya ukuta. Labda wanadhani chakula kinatoka ukutani.

Nimejiuliza mwenyewe. Kupika najua, ila najua kupika hapa. Hapa kuna sheria moja kubwa. Juu ya kabati kuna kibao cha mungu wao, na chakula cha kwanza cha kila sufuria kinapelekwa pale kabla ya mtu yeyote kutia mdomoni. Kwa hiyo mpishi haonji. Marufuku. Wiki yangu ya kwanza nilichovya kidole kwenye mchuzi, Mama Ronak akamwaga sufuria nzima. Hata hakunigombeza, alimwaga tu. Tangu siku ile napika kwa pua na masikio. Chumvi naipima kiganjani. Mafuta nayasikiliza.

Kwingine kote wapishi wanaonja. Sasa mimi ni mpishi, au ni mtu aliyezoea jiko la Vinubhai? Nina miaka hamsini na moja. Nataka kulijua hilo kabla sijafa.

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Nane Nane. Watu wengi, mikono inauma.

Huzefa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbeya, kapita akitoka Dar. Hula hapa kila safari. Leo kaja mpaka mlango wa jikoni – mteja wa kwanza kufika huko! Mke wake, Alifiya, anafungua hoteli ndogo kule Soweto, Mbeya. Wanataka bajia kama hizi, mchuzi wa dengu kama huu. "Dada Severina, uje utupikie siku moja tu. Mama akikubali, kazi ni yako." Mama ni mama yake mzazi, Bi Noorjahan. Nimeelewa kwamba bila Bi Noorjahan hakuna kinachokubaliwa.

Tarehe ishirini. Mzee kanipa ruhusa hapo hapo.

Nimefurahi. Naandika huku kwa sababu kule sikumwonyesha mtu.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Goodness hataki niende. Mbeya baridi, mama, utaugua huko nani akuuguze? Nikamwambia na Iringa hatuoti jua. Anasema nikae hapa Kihesa nipumzike. Kupumzika! Waliopumzika nawaona, wanapita asubuhi na madaftari ya kliniki.

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Basi siku nzima, vumbi. Nimefikia kwa dada Bertha, Ilomba. Kapika ndizi.

"Sasa we Seve, hao Wahindi wenyewe wakoje?" kaniuliza. Nikasema Wahindi ni Wahindi tu, nimekaa nao miaka ishirini na sita, nawajua.

Jumanne, 20 Agosti 2024

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Jiko la Alifiya ni jipya, linang'aa, gesi mafiga manne. Yeye mwenyewe ni mpole, ana haraka haraka. Nimeanza saa moja. Saa sita nikapeleka bajia na chatne mezani. Mchuzi wa dengu na viazi bado viko kwenye moto, vinafuata. Mpaka hapo mkono ulikuwa unajua kazi yake. Harufu zote mahali pake.

Nikasimama nyuma ya pazia niwaone wakila. Kwa Vinubhai sijawahi kumwona mtu anakula chakula changu, ukuta. Wamekaa watatu: Huzefa, Alifiya, na bibi mwenyewe, mdogo wa mwili, kavaa ridaa, lile vazi lenye kofia yake, ya rangi ya waridi. Bajia zinatoa moshi mbele yao. Hawakugusa. Bi Noorjahan akatazama meza, akasema, "Chumvi iko wapi?" Alifiya mbio! Akaleta kibakuli. Wote watatu wakachovya kidole, wakalamba. Wote watatu!

Bajia hazijaingia hata mdomoni, wameshaziona hazina chumvi? Basi nimejulikana kwa macho tu.

Nikarudi jikoni. Nikafanya nisilofanya tangu mwaka wa tisini na nane – nikachukua kijiko, nikaonja mchuzi motoni. Sikujua ninachoonja. Moto, ulimi umeungua, nasikia maji tu. Nikaongeza chumvi. Nikaonja. Bado maji. Nikaongeza. Viazi navyo nikaviongeza. Mara ya nne ulimi ulikuwa hausemi tena chochote, nikapakua.

Bibi alikula kijiko kimoja. Akanywa maji glasi nzima. Akasukuma sahani, taratibu, kama mtu anayefunga kitabu. "Huyu ndiyo wa Iringa?" Huzefa aliangalia mikono yake. Alifiya kanisindikiza mpaka stendi ya daladala, njiani tuliongea habari za barabara.

Jumatano, 21 Agosti 2024

Nimerudi. Mama Ronak hakuuliza. Mzee hakuuliza. Uso wangu umejibu.

Ijumaa, 23 Agosti 2024

Leo Mzee kashindwa kuvumilia. Kaja jikoni na kikombe chake cha chai, kakaa juu ya gunia la viazi. "Haya, sema." Nikamsimulia. Nilipofika kwenye kibakuli cha chumvi akaweka kikombe chini. Akacheka! Akacheka mpaka akashika magoti yake mabovu, mpaka Mama Ronak akaja kuchungulia.

"Severina, wale Mabohora, Waislamu, si kama sisi! Dini yao hiyo. Lazima waanze na chumvi kwanza, ndiyo wakamate chakula. Hata chakula tamu namna gani. Huzefa iko hapa kila safari anaanza na kichupa ya chumvi pale mezani, we hujaona?"

Sijaona. Ningeona wapi? Ukuta!

Akaona sicheki, akaacha kucheka. "Pole, mama," akasema. Miaka yote hajawahi kuniita mama.

Kwa hiyo bajia zilikuwa sawa. Mchuzi ulikuwa sawa. Ningeuacha na chumvi yake ya kiganjani ungekuwa sawa. Kuuliza si ujinga – sisi tunaimba tangu shuleni. Nimekasirika, na wa kumkasirikia simwoni ila mimi. Pia nimepata jibu la swali langu, kwa njia mbaya: mkono ni wangu, niliuharibu mwenyewe siku nilipoacha kuuamini.

Jumatatu, 26 Agosti 2024

Nimempigia Alifiya. Siku tatu nilikuwa naiangalia simu. Nikamweleza yote, kibakuli, kijiko, mara nne. Kimya. Nikadhani mtandao. Kumbe anacheka kimya kimya, halafu akaacha, kama Mzee.

Kasema: dada, nimeelewa, lakini kuna mpishi mwingine, Jailos, katoka Dar, yuko kwenye majaribio wiki hii na mama hajamkataa. Hajamkubali pia. Ataongea na mama. Atanipigia Jumapili saa nne asubuhi, ndiyo au hapana.

Nikasema asante. Sikumbembeleza. Nilitaka.

Alhamisi, 29 Agosti 2024

Kibao cha mungu kimeshafungwa kwenye boksi, Ronak kaja kukichukua kabla ya vitu vingine. Mama Ronak kasimama chini ya kabati tupu. Kasema, "Sasa unaweza onja, Severina." Nikasema asante. Sikuonja.

Jumamosi, 31 Agosti 2024

Siku ya mwisho. Watu walipanga foleni mpaka nje ya duka la vitambaa. Wanapiga picha meza. Wanapiga picha ukuta. Kuna waliokuja ambao sijawahi kusikia sauti zao, wanasema hapa ndipo walipokulia. Wangekula hapa kila wiki, labda Mzee asingechoka mapema. Hapana, si kweli. Magoti ni magoti.

Wakili Masumbuko kaomba kiti chake. Mzee kampa. Katoka nacho barabarani, suti na kiti.

Bajia zimekwisha saa tisa. Muuza viazi wetu wa Kilolo kafika amechelewa, kampungia mkono Mzee, "Kamwene!" Mzee akajibu "Kamwene" kama Mhehe. Halafu akaingia stoo, akakaa humo muda mrefu. Hatukumfuata.

Mama Ronak kanipa karai kubwa. Tumeshikana mikono, mikono miwili miwili. Nimefagia, nimepiga deki, nimeosha sufuria, nimefunga mlango wa nyuma. Funguo nitawapa watu wa simu Jumatatu.

Nimechoka tu. Zaidi ya hapo sijui nimesikia nini.

Jumapili, 1 Septemba 2024

Nimeamka saa kumi na moja, nikiwaza misa. Nimevaa kiatu kimoja nikakumbuka – nimeloweka dengu! Jana, baada ya kupiga deki, nimeloweka dengu ndoo nzima kwa ajili ya leo. Leo ipi? Hoteli imefungwa! Mkono umefanya wenyewe, kama kila Jumamosi.

Nimekwenda na bodaboda. Nikafungua mlango wa nyuma. Dengu zimevimba zimeinua kifuniko. Pale ndani pananukia bizari bado, viti hakuna. Nilikaa kidogo juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapo ndipo nililia. Si sana. Halafu nikawaza, nikiziacha zitachacha, nikizimwaga ni dhambi. Nimezipakia, nimezileta Kihesa.

Misa imenipita. Mtakatifu Petro na wenzake watanisamehe.

Goodness kaamshwa na kelele za kusaga. "Mama! Ndoo nzima? Nani anakula?" Nikamwambia awashe mkaa nje. Kawasha, huku ananuna. Vitunguu, pilipili, giligilani. Chumvi kiganjani. Goodness akaniletea kijiko nionje, nikamwambia arudishe.

Sasa ni saa nne na dakika chache. Alifiya alisema saa nne. Nimekaa kwenye kigoda, daftari liko gotini, kijiko cha matundu mkono wa pili. Simu iko ndani, mezani. Jirani, mama Sifaeli, kachungulia juu ya ua: "Mama Goodness, hii ni biashara au sherehe?" Nikasema sijui. Kasema anakuja na sahani, sijui kachagua lipi. Nyuma yake kuna sauti zingine mbili.

Mafuta yamenyamaza vizuri. Nimetumbukiza za kwanza, saba.

Simu inaita. Goodness anaita kutoka dirishani: mama, ni Mbeya! Mama! Nipokee?

Zimeanza kubadilika rangi pembeni. Zisipogeuzwa sasa hivi zinaungua.