Maneno Uliyouambia Ukuta

Mpemba, Jumatano

Baba,

Shikamoo. Hii ndiyo mara ya kwanza nakuamkia kwa maneno, na imebidi ufe kwanza. Miaka yote niliyokaa nyumbani kwako Ikinga kama mke wa mwanao Lwitiko, salamu yangu kwako ilikuwa kuchuchumaa, kujifunika kanga usoni na kungoja upite. Usinione nimekosa adabu leo. Nilitaka kumuuliza mama, mke wako, kama mila yenu ya Kindali inamruhusu mkamwana kumwandikia barua baba mkwe aliyekwisha kufa, nikaogopa angesema hapana.

Naandikia kwa shangazi yangu hapa Mpemba. Mjukuu wako amelala kwenye mkeka karibu yangu, mdomo wazi. Anaitwa Subira, ana mwaka mmoja na miezi miwili, alizaliwa kambini na hukumwona. Kesho tunapanda treni kurudi Zambia, kwenye ile kambi ya wakimbizi wa Angola, kujitolea miaka miwili mingine. Kanisa limetuomba, Lwitiko amekubali, nami nimekubali. Sanduku liko tayari limefungwa kamba. Lakini tangu juzi tuliposhuka kwenye lori la kahawa lililotuleta kutoka wilayani kwenu Ileje, kila chakula nakisukuma pembeni. Shangazi ananitazama kwa jicho la kujua, anadhani nina mimba. Sina mimba. Nina maneno yako, baba, na hayatoki wala hayakai.

Lwitiko ameenda Tunduma tangu asubuhi. Anasema anakwenda stesheni kuuliza saa ya treni, lakini najua atapita posta pia. Anatafuta barua yako. Nitakueleza.

Uso wako siujui vizuri, nakiri. Najua visigino vyako, vilivyopasuka kushoto zaidi ya kulia. Najua mgongo wako na lile koti lenye kiraka cha bluu. Kwetu Ihanda sisi Wanyiha nasi tunawaheshimu wakwe, lakini si kwa kiasi chenu. Na mambo yalizidi kuwa magumu serikali ilipotupanga kijijini kwa mistari. Zamani, mama alinisimulia, mkamwana alikuwa na njia yake ya kisimani na baba mkwe njia yake, na migomba katikati. Sasa nyumba zikasimama bega kwa bega kando ya barabara moja, jiko langu likapakana na ukuta wa chumba chako, na mimi nikawa sina pa kujificha isipokuwa nyuma ya kuni. Wewe ndiye uliyepata ufumbuzi. Ukawa ukitaka kutoka unamgombeza kuku kwa sauti: "Wewe kuku, nakuja sasa hivi, ondoka njiani." Kuku mwenyewe alishachinjwa Krismasi, ukaendelea kumgombeza. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni mpaka machozi yananitoka.

Hata kanisani ulinihangaisha. Siku za Meza ya Bwana nilikuwa nahesabu vichwa nisije nikasimama foleni moja na wewe. Mara moja nilijisahau, nikakukuta mbele yangu hatua mbili, nikarudi nyuma mbio na kumkanyaga mke wa mchungaji. Mchungaji alihubiri wiki iliyofuata kwamba ndani ya Kristo hakuna mkwe wala mkamwana. Wewe, mzee wa kanisa, uliitikia amina. Tulipofika nyumbani ukamgombeza kuku kama kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nalizunguka.

Katibu wa vijana alipoleta habari kwamba kanisa linatafuta mume na mke Wakristo, vijana, fundi na mwalimu, wa kwenda kuwasaidia wakimbizi, Lwitiko alikubali kabla hajamaliza kusikiliza. Yeye fundi mwashi, mimi mwalimu wa kisomo cha watu wazima na cherehani kidogo. Nilitamani kwenda, baba. Watu wanadhani nilimfuata mume tu. Nilikuwa sijawahi kuvuka Mbeya. Nilikuwa nimechoka kujificha nyuma ya kuni, nimechoka kuwa mtu wa kanga usoni, nikaona kule mbali nitatembea kichwa juu. Na wewe ulisimama kanisani mbele ya watu wote ukamshukuru Mungu kwamba nyumba yako imepata heshima ya kutuma watenda kazi. Watu walipiga vigelegele.

Kisha ikaja Jumanne, siku mbili kabla ya safari. Lwitiko alikuwa kwa mchungaji, mama shambani. Nilikuwa jikoni nakanda unga wa maandazi ya njiani. Nikasikia unakohoa upande wa pili wa ukuta, kikohozi kirefu, kisha sauti yako karibu sana na matofali.

"Nasema na ukuta," ulisema. "Kifua changu kibaya, natema damu. Lwitiko asiende mwaka huu. Ukuta umwambie kama wenyewe ndio ulioona, usinitaje mimi."

Nilielewa yote. Kwa mila yenu, baba mkwe mwenye haja kubwa huuambia ukuta, na mkamwana aliyesikia hujibu kwa makofi mawili ya taratibu, bila neno. Ulingoja makofi yangu. Nilijua unangoja, nikisikia unavyovuta pumzi. Mikono yangu ilikuwa na unga. Nisijidanganye, mikono yenye unga inapiga makofi vilevile. Sikupiga. Nikajisemea kwamba kama sikujibu basi sikuambiwa, na kama sikuambiwa sina la kumwambia mtu. Ukangoja tena. Halafu nikasikia visigino vyako vinaondoka.

Miaka yote nililalamika juu ya mila ile. Siku ile ilinifaa.

Alhamisi ulituombea barabarani, umeweka mkono juu ya kichwa cha Lwitiko, mimi nimechuchumaa nyuma ya sanduku. Sauti yako haikutetemeka. Nilifikiri, labda baba amepona. Mtu akitaka kitu huamini haraka.

Tulisafiri vizuri. Pale Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akina mama wa Kibemba walituuzia karanga dirishani mwa treni, wakatuuliza mulishani, yaani hamjambo, Lwitiko akawajibu kama mwenyeji. Tulishuka Kapiri Mposhi, tukapanda basi hadi Lusaka, kisha lori siku mbili kuelekea magharibi. Kule hakuna mlima, baba, hata mmoja mdogo. Ni mchanga mtupu, mweupe, unaingia kwenye ugali na kwenye Biblia. Lwitiko akichimba kisima leo, kesho asubuhi kimejifukia. Ikabidi amwage pete za saruji za kuuzuia mchanga, azishushe moja moja huku anachimba ndani yake, nami juu namwombea zisimbane. Alimaliza visima vitano. Mimi niliwafundisha akina mama kushona na kusoma, nusu kwa vidole na nusu kwa vicheko, maana lugha yao sikuijua na yangu hawakuijua. Walikuwa wamekimbia mabomu wakiwa na watoto mgongoni. Kazi ilikuwa njema. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, si kwa kujitetea.

Lakini kila usiku ulipoingia nilikuwa najiuliza: leo kifua cha baba kikoje. Nikimsikia mkimbizi anakohoa hospitali ya kambi, nageuka. Nilipata mimba ya Subira, nikaogopa itaharibika kwa sababu ya kosa langu kwako. Mara tatu nilianza kumwambia Lwitiko. Mara zote tatu nikaishia kumuuliza anataka kula nini.

Simu ya maandishi ilitufikia wiki tatu baada ya wewe kuzikwa. Lwitiko aliisoma amesimama, mikono ina saruji, karatasi ikagandana na vidole vyake. Hakulia. Alisema, "Alinibariki. Angalau alinibariki." Akarudi kuchanganya saruji kwa sababu ingekauka. Nami nikanyamaza, na kimya cha siku ile kilikuwa kizito kuliko cha kwanza.

Tuliporudi Ikinga mwezi uliopita, muda wetu ulipokwisha, tulikuta kaburi lako limeota nyasi. Udongo wa kwanza, ambao mila inamtaka mtoto wa kwanza aumwage, ulimwagwa na jirani. Watu hawakusema mbele yetu, lakini maneno yana miguu. Walisema Lwitiko anawachimbia wageni visima huku baba yake anachimbiwa kaburi na watu baki. Lwitiko aliyasikia, akakonda.

Kisha mama, bila kujua anachokifanya, akatuambia jambo. Alisema siku za mwisho ulikuwa hulalamiki. Akikuuliza kwa nini hukumwambia mwanao akae, unamjibu: "Ujumbe niliutuma. Ulipokelewa au haukupokelewa, sijui."

Tangu siku ile Lwitiko hana raha. Ameamini kwamba uliandika barua na barua ikapotea. Alikwenda posta wilayani, akagombana na karani mpaka watu wakatoka nje kutazama. Karani wa watu aliapa kwa watoto wake kwamba hakuna barua. Lwitiko akamwita mwizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, Subira mgongoni, na kanga nikaivuta usoni ingawa hakukuwa na mkwe pale. Na leo atakuwa anawagombeza wa Tunduma.

Kuna hofu nyingine tena, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Kabla hatujaondoka juzi, mama naye alisimama kanisani akashukuru, kama wewe. Asubuhi ya safari hakutoka kutusindikiza. Alisema miguu imechoka, akatuaga akiwa ndani ya chumba chake, mlango umerudishwa nusu. "Nendeni, mimi mzima." Nilisikia sauti yake ikipitia kwenye mbao nikaukumbuka ukuta wako. Nilimuuliza Lwitiko kama aliona uso wake. Akasema kwani uso wa nini, si tumemsikia.

Sasa nasikia baiskeli nje. Ni yeye. Naacha hapa.

*

Ni saa kumi alasiri. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Aliingia amenyong'onyea. Treni ipo, saa nne asubuhi. Barua hakuna. Alianza kusema jinsi watumishi wa posta wanavyodharau watu wa vijijini, nami nikamkatisha. Nilisema, "Baba hakuandika barua. Aliniambia mimi, ukutani, Jumanne kabla hatujaondoka."

Nikamweleza yote, na damu, na unga, na makofi ambayo sikupiga. Nilimwambia pia kwamba nilitaka kwenda, kwa sababu bila hilo ingekuwa nusu ya ukweli. Aliuliza swali moja tu, kama ulisema asiende mwaka huu au asiende kabisa. Nikamwambia mwaka huu. Akatoka nje. Alisimama kando ya barabara kuu, malori yanapita kuelekea mpakani, vumbi linamfunika, hasogei. Nilifikiri ataondoka hivihivi, na nikajua sitakuwa na haki ya kumwita.

Aliporudi alikaa kwenye sanduku. Akasema, "Angeniambia mimi, ningekwenda tu. Alinijua. Ndiyo maana hakuniambia." Halafu akalia, baba. Alikulilia, kwa mara ya kwanza tangu simu ile ifike, kwa sauti, mpaka Subira akaamka naye akaanza kulia bila kujua anamlilia nani.

Hajasema amenisamehe. Sijamwomba. Alipotulia alifungua kamba ya sanduku, akatoa shati safi. Alisema kesho ataanzia posta ya wilaya, amwombe radhi yule karani mbele ya watu walewale. Nikasema kutoka pale twende hadi Ikinga. Akauliza kwa nini. Nikamwambia habari ya mlango uliorudishwa nusu. Hakubisha. Treni itapita bila sisi, na kambini tutawapigia simu ya maandishi kwamba tumechelewa, huenda hatuji. Wale akina mama watangoja, na hilo nalo linaniuma, sitasema haliniumi.

Basi kwaheri, baba. Pumzika kwenye udongo ambao sisi hatukuumwaga. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana kwa barua ni rahisi. Ninakuahidi jambo moja. Keshokutwa nitaingia chumbani kwa mama, nikae naye magoti kwa magoti, nimwambie nilichokufanyia. Kisha nitamuuliza afya yake, nikimtazama usoni, na akinijibu kwamba yeye mzima nitamuuliza mara ya pili. Akisema tubaki, nitamjibu hapohapo kwa mdomo wangu: ndiyo mama, nimesikia.

Mkamwana wako,
Mama Subira