Aya Niliyoifuta

3 Machi

Shikamoo Mama,

Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila nina hasira.

Uliuliza ninasomea nini hasa. Kuna chembe inaitwa aksioni. Hakuna aliyewahi kuiona. Kama ipo, na ingekuwa inagusana sana na chembe nyingine, ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto zingezaliwa aksioni tele, nao ungetanuka upesi kuliko vipimo vinavyoonyesha. Kwa hiyo nimepiga hesabu ya kikomo: mgusano hauwezi kuzidi hapa. Miaka minne, Mama!

Lakini kikomo kinasimama tu ikiwa joto la mwanzo lilikuwa kali mno. Likiwa la chini, kinalegea. Niliandika hivyo, aya moja. Profesa anayenisimamia akaipiga mstari mwekundu: "Futa. Nani atasoma kikomo chenye 'ikiwa'?"

Nimefuta. Mwezi ujao natetea tasnifu.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu upo. Umenitia aibu.

Mimi fundi cherehani, aksioni siijui, lakini kuficha nakujua. Umeona kasoro, ukafunika kombe, kisha unaniandikia nikupe pole? Sikupi. Na kwenye hilo joho lako la mahafali usinialike.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Za mguu leo siulizi. Nani aliyetangazia mtaa mzima kuwa "daktari wangu anamaliza Aprili"? Si wewe? Ulitaka joho, sasa unataka na ukweli juu yake! Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa umekaa nyuma ya cherehani.

Mwanao

27 Septemba

Shikamoo Mama,

Hujambo? Najua ni lile neno la cherehani lililokunyamazisha. Nisamehe kwa hilo. Kwa mengine bado nimekasirika.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje aliuliza, "Na kama joto lilikuwa la chini?" Profesa akanikazia macho. Nikasema, "Kikomo kinalegea. Nilijua. Niliifuta aya mwenyewe."

Wamenipa mwaka mmoja nirekebishe. Profesa amekataa kunisimamia, dawati langu kapewa mwingine. Naandikia maktabani, meza ya karibu na choo. Ile aya sasa ni sura nzima, kurasa arobaini. Usidhani nakushukuru.

Mwanao

6 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sikutaka shukrani, na hasira zangu nazo hazijaisha. Tuma hizo kurasa arobaini. Nisipoelewa nitauliza, na usithubutu kunijibu kwa mkato.

Mama yako