Maana ya Kwenda Mrama

Kijiji cha Gatitu,
Nyeri.
9 Julai 1956

Mpendwa shemeji Gatimu,

Pokea salamu kutoka kwetu. U hali gani huko Mombasa, na joto je? Sisi tu wazima, ila mama yenu Kabura kifua kinambana kwa baridi ya mwezi huu, na moshi wa vibanda hivi vilivyosongamana hausaidii.

Barua hii namkabidhi Mbuvi, dereva wa lori, isije ikapitia kwa wale wanaosoma barua za watu.

Wakati wa Pasaka uliniandikia, "Mambo yalikwenda mrama, ikabidi Wahome atoswe." Mume wangu huyo, atoswe! Nikaona umeshakuwa mtu wa pwani. Nikamwuliza Bi. Zuhura, ninayemuuzia mboga Majengo ya hapa Nyeri, ambaye baba yake alikuwa baharia.

Alicheka kwanza. Kisha akaniambia kwenda mrama ni kule kuyumba kwa chombo, kikalala huku na huku hadi maji yakaingia. Hapo nahodha huamuru mizigo itoswe, chombo kiwe chepesi, watu wapone.

Basi umesema kweli, shemeji. Siku ile ya kuchujwa, askari wakisaka waliokula kiapo cha watu wa msituni, baba yenu mdogo Ngatia aliwakalisha, mkapatana mmoja akiri kiapo ili wengine mwachwe. Wahome akakubali kwa kuwa wewe ulikuwa umepata kazi, akapelekwa kizuizini Manyani. Kiapo chenyewe mlikula wote.

Lakini Bi. Zuhura hakuishia hapo. "Chombo kikifika bandarini, mwanangu, wale ambao mali yao imesalia huchanga wakamfidia yule ambaye yake ilitoswa. Ndiyo ada yetu." Hilo hukuniandikia.

Sasa sikia. Wiki ijayo mashamba ya hapa yanapimwa na kuunganishwa. Ngatia, ambaye siku hizi ni homugadi, mlinzi wa serikali mwenye bunduki, anataka shamba la Wahome liandikwe kwa jina lake mwenyewe. Nilipopinga mbele ya kamati alinikemea, "Wewe mama, nyamaza. Ati mtu ako Manyani anataka shamba ya nini?" Wazee wakatazama chini. Neno la mwanamke halisikilizwi pale. Wanataka ndugu wa tumbo moja asimame mpakani aseme hili ni la nani, na ndugu huyo ni wewe.

Nina uchungu, Gatimu, sikufichi. Usinitumie tena sukari wala vitambaa. Omba pasi ya kusafiri, uje.

Mama anakusalimu. Binti yetu Murugi pia anakusalimu. Anachimba pamoja nami handaki la kuzunguka kijiji, kazi ya lazima, badala ya kwenda shule. Mungu akulinde, na akunyime usingizi mpaka upande gari la moshi.

Ukija nitakupikia. Usipokuja, siku Wahome atakaporudi nitampeleka kwa Ngatia tuombe mahali pa kulala. Akiuliza habari zako, nitamwambia u salama kabisa.

Ni mimi shemeji yako, ambaye bado sijakuchukia,
Watiri