Daftari la Nyimbo za Mapacha

Inyonga,
9 Juni 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Evarist,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila mguu bado unavimba nikisimama sana. Natumaini huko Dodoma hamjambo, wifi Upendo anapata nguvu, na wageni wetu Kulwa na Doto wananyonya vizuri. Hapa mahindi tumeshavuna, na kaburi la mama tumelijengea. Ni miezi minane sasa, lakini bado nasonga ugali wa watu wawili.

Uliponipigia simu kuulizia daftari la nyimbo za mapacha, nilisema mtandao unasumbua. Haukusumbua. Nilikata mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Unajua mama alivyokuwa akiitwa kila nyumba yenye mapacha. Hata kutoka Nsimbo walimfuata kwa pikipiki. Wanawake huwaimbia wazazi matusi ya wazi mpaka mama wa mapacha acheke, maana asipocheka ngoma haijaisha, na watoto hawatolewi nje. Wewe ulikuwa unaona aibu, naye akakuambia mbele ya watu kwamba siku ukizaa wawili utaimbiwa mpaka suruali ikuvuke.

Mwaka juzi, kifua kilipoanza kumsumbua, aliniambia niandike zote, kwa kuwa wasichana wa sasa wanajua za redio tu. Tulikaa hivyo wiki nyingi, yeye akichambua maharage, mimi nikiandika. Hakujua kusoma, lakini kila ukurasa ukijaa alipitisha kidole juu yake na kuuliza kama kuna nilichoruka. Nilimjibu sijaruka kitu.

“Usiruke matusi, mwanangu,” alisema. “Hayo ndiyo wimbo wenyewe.”

Mwezi wa nne jirani yetu Emelyne alijifungua mapacha. Akina mama wakanijia, wakasema Mama Evarist hayupo lakini daftari lipo. Nikasimama uani nikisoma mstari mmoja mmoja, wao wakiitikia. Ngoma walipiga vizuri. Emelyne alikaa mkekani akitutazama kama mtu anayesikiliza matangazo ya misa. Tukarudia mara tatu. Hakucheka yeye, wala mwingine yeyote. Mwishowe Bibi Helena, aliyekuwa akimwitikia mama miaka yote, akaweka ngoma yake chini.

“Specioza,” alisema, “mama yako hakuimba hivi. Huyu uliyetuletea ni mtu mwingine.”

Nikamwomba aimbe yeye. Alianza mstari mmoja, wa pili ukampotea, akatafuta weee, akalia. Watoto wakatolewa nje hivyo hivyo, mama yao hajacheka.

Kaka, nakueleza jambo ambalo sijamwambia hata padri. Sikuandika alichosema mama. Kila palipokuwa na tusi niliweka maneno yangu. Pa kiuno nikaweka moyo, pa kitanda nikaweka baraka. Nilikuwa katibu wa kwaya, nikaona aibu mkono wangu kuandika yale. Nilijiambia nyimbo zitabaki, utatoka uchafu tu. Naye mama akapitisha kidole juu ya maneno yangu, akaridhika, akafa akijua ameacha kitu. Tangu siku ile kwa Emelyne najaribu kuyakumbuka yake, hata nikiwa kisimani. Imerudi mistari mitatu. Nimeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu, bila kuficha neno.

Daftari nalituma kwa basi la Jumatano. Akina mama wa kwetu walioko huko wakiwachezea watoto ngoma, waimbe hiyo mitatu, warudie hata mara mia, mpaka wifi acheke. Mingine msiseme ni ya mama. Ni yangu.

Msalimie wifi, uwabebe wanangu wote wawili kwa niaba yangu. Bibi Helena naye anakusalimu. Ukiwa na hasira nami, kaa nayo kwanza, ila usiache kunikumbuka.

Mdogo wako,
Specioza