Goti Langu na Mkono wa Dada Yako

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa shemeji yangu, mla vya wenzako,

Pokea salamu zangu. Hujambo wewe, mkeo hajambo, na kile kitambi chako hakijambo? Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Habari kubwa ya huku ni kwamba goti langu limepona, na jana nilimkimbiza mbwa wa jirani mpaka kona ya kinyozi.

Haya, ni uongo. Mbwa ndiye aliyenikimbiza mimi, na sikufika hata getini. Nilishika ukuta nikamsubiri aje anile. Akaninusa, akaona hapana nyama, akaenda zake.

Lakini miguu ina nguvu, na hilo si uongo. Yule mama wa mazoezi pale zahanati, mimi namwita Afande, amenikalisha kitini miezi yote hii, kanifunga mfuko wa mchanga mguuni: nyoosha, kunja, nyoosha tena. Paja limekaza kama la kijana. Ukija nitakupiga teke ujionee mwenyewe.

Wiki iliyopita akanitembeza koridoni huku ananirekodi kwa simu, kisha akanionyesha pamoja na ile video ya siku ya kwanza. Shemeji, hazina tofauti. Goti linachomoka nje, mwili unalalia upande, mlevi yuleyule kabadilisha shati tu. "Babu," akaniambia, "nguvu umepata, na maumivu yamepungua. Mwendo ndio umekataa. Goti limeshasagika, limepinda." Nikamuuliza mchanga wote ule nilikuwa nabeba wa nini. Akasema nisithubutu kuacha, maana nikiacha nitashindwa hata kuinuka chooni.

Nilimwelewa. Kazi yangu maisha yote ni kufunga milango kwenye nyumba za watu. Bawaba ikilika, weka ubao mgumu utakavyo, mlango utakwangua sakafu vilevile.

Mimi kuyumba ningekubali, kwani nani ananipeleka gwaride? Shida ni dada yako. Tangu macho yake yazimike hatoki nje bila kuweka mkono begani kwangu. Nikiyumba mimi, anayumba na yeye. Mwanzoni alikuwa anacheka: "Mume wangu, tunakwenda au tunacheza muziki?" Alhamisi tunatoka dukani, goti likachomoka, bega likamponyoka, akajigonga kwenye nguzo ya umeme na kuanguka. Kachanika juu ya jicho. Nikasimama pale na mapaja yangu ya chuma, goti limenigomea, siwezi hata kuinama. Muuza vocha ndiye aliyemnyanyua.

Asubuhi yake mkono uleule ukaja begani. Mkwe wetu, anayetembea kama kapigwa rula, akampa mkono wake. Dada yako akakataa. "Huyu wangu namjua anavyoyumba," akasema, "nyinyi wengine mtanishtukiza tu." Wote tukacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo.

Siwezi kumwambia. Nikisema amshike mkwe, ataona nimemchoka, nawe unajua akinuna nyumba hii inavyokuwa. Nikinyamaza, ipo siku nitamuua barabarani. Nimekaa hapa na kalamu sijui nishike lipi.

Nisalimie mkeo, na mwanao fundi redio, na shangazi yenu kama bado anagomba na kila mtu. Mungu awape usingizi wa kutosha na magoti yasiyo na habari yoyote.

Sasa sikiliza. Nani alikwenda kukusemea kwa wakwe zako, siku ile umejificha nyuma ya ghala unaogopa kuulizwa unafanya kazi gani? Hilo hujanilipa. Mpigie dada yako simu, wewe hakukatalii. Mwambie amshike mkwe mkono. Mwambie ni wazo lako, mimi sina habari. Nitakuwa nakuja nyuma yao, nimebeba kikapu.

Ni mimi ninayekupenda hata usipostahili,
Shemeji yako, fundi wa milango.