Damu Niliyoificha

Alhamisi, Juni 1974

Leo nimemwambia Mama Zuhura ukweli, na bado sihisi chochote.

Ni wiki ya tatu tangu kaka yangu Seif azikwe. Watu wanasema nimejikaza. Hapana, nimekauka tu.

Asubuhi nesi ameleta majibu ya makohozi. Nyumba nzima tulipimwa. Mimi sina kifua kikuu. Zuhura, binti wa chumba cha pili, anacho. Nesi amesema atapona, ila achomwe sindano kila siku, na madirisha tuyaache wazi.

Mama yake alinikuta uani. "Dada, Seif alianza lini kutema damu?"

Ningeweza kusema mwezi uliopita. Nikamwambia tangu Ramadhani. Nilikuwa nafua vitambaa vyake kwa kificho, tusije tukafukuzwa chumba.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Jioni nikabisha hodi. Nikasema kesho nitampeleka Zuhura sindano mimi, maana yeye ana vitumbua vyake vya kuuza Kariakoo. Nikageuka kuondoka.

"Saa moja," akasema. "Usichelewe."